Elimu Ilibaki Kimbo

Desemba iliyopita nilialikwa sherehe Makongeni, Thika. Mahema mawili meupe, spika za kutikisa mabati ya majirani, mbuzi watatu, na bango kubwa lenye picha ya rafiki yangu akiwa amevaa joho la mahafali, nyuma yake jengo la mawe la Kiingereza. Chini ya picha kulikuwa na jina lake na maneno "Shahada ya Uzamili, Afya ya Umma". Emsii akatuomba tusimame tumpigie makofi ya kilo. Nikasimama, nikapiga.

Baadaye mama yake akanishika mkono karibu na meza ya chakula. Huyu ni mama aliyenilisha tangu nikiwa darasa la tatu, siwezi kumkasirikia. Akaniuliza, "Na wewe, kwani nini ilifanyika? Si ni wewe ulikuwa unamshinda darasani?" Nikacheka tu, nikasema, "Maisha, mama." Akanipigapiga bega. "Ungesoma tu. Ona mwenzako."

Jibu ambalo sikumpa ni hili: Mama, nilisoma. Hiyo digrii iliyo kwenye bango niliisoma mimi, usiku, katika chumba cha kupanga pale Kimbo, Ruiru. Insha zote nane, na tasnifu nzima ya maneno 12,000. Mwanao aliishi, akafanya kazi, akasafiri wikendi. Kusoma kulibaki kwangu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kusema huyu ana wivu. Sawa, wivu upo kidogo. Lakini sikuandika haya kumchoma rafiki yangu, ndiyo maana simtaji. Nimeandika kwa sababu nimechoka na uongo ambao mtaa mzima unaushangilia, na mimi ni mmoja wa waliousuka.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Chuo chenyewe kiko kando ya hii Thika Road yetu. Nilikuwa na deni la karo la shilingi 64,000, na bila kulimaliza huingii chumba cha mtihani. Nikaanza kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha ili nilipe karo. Ukiishi Juja, Ruiru au Thika huhitaji kuelezwa hiyo kazi, kwa sababu kwenye kila ploti kuna mtu anayeifanya, taa inawaka hadi alfajiri na mwenye nyumba anadhani ni mwizi wa mitandao. Nilikodi akaunti yenye jina la mwanamke wa Texas, maana wateja wengi hawataki kujua kwamba anayewaandikia yuko Kimbo na stima ikipotea anakimbia saiba. Ukurasa mmoja ni maneno 275. Mimi nililipwa shilingi 400 kwa ukurasa, na mwenye akaunti akabaki na zake.

Muhula mmoja niliukosa mtihani wangu wa takwimu kwa sababu nilikuwa namalizia insha ya takwimu ya mwanafunzi wa Ohio. Yeye alipata alama ya juu. Mimi nilipata sufuri. Kuanzia hapo sikufukuzwa na mtu, nilififia tu, hadi siku moja kadi yangu ya mwanafunzi ikawa ni kitu cha kukwangulia barafu kwenye friji ya jirani.

Siko peke yangu. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times liliandika kuhusu Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani. Mwaka 2024 ikatoka filamu ya The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford, mwenye asili ya Kenya, anawafuata waandishi kama sisi. Kwa hiyo dunia inajua. Ni Makongeni tu ambako hatujaambiana.

Sasa, rafiki yangu. Aliondoka Septemba 2023. Harambee yake nilihudhuria, nikatoa elfu moja, na kwangu elfu moja ni kurasa mbili na nusu. Familia iliuza kipande cha shamba, ikakopa sacco, na pesa za matumizi zikalazwa benki siku 28 bila kuguswa kama sheria ya viza ya Uingereza inavyotaka. Mchungaji akaomba. Wazee wakasema aende asome, arudi asaidie jamii. Neno "asome" nililihesabu, lilitajwa mara nyingi kuliko jina lake.

Wiki ya sita akanipigia simu. Anahudhuria madarasa, maana chuo kinahesabu mahudhurio na viza inategemea hayo. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, saa 20 kwa wiki, ndizo anazoruhusiwa wakati wa muhula. Insha ya kwanza inatakiwa Jumatatu na hajaandika neno. Kwa nini asitumie mashine, nikamuuliza. Akasema anaogopa. ChatGPT ilikuwa imetoka Novemba 2022, na Aprili 2023 Turnitin nayo ikaleta kifaa cha kunusa maandishi ya mashine. Wenzake darasani walikuwa wanatishana. "Wewe ni mtu, buda. Wewe hawawezi kukunusa."

Nami nilimhitaji. Hiyo mashine ilikuwa imeshakula oda zangu karibu zote. Wateja waliobaki walitaka nisugue tu maandishi ya mashine yafanane na ya binadamu, kwa robo ya bei ya zamani. Oda za rafiki yangu ndizo zilizolipa kodi yangu mwaka ule wote. Sina haki ya kujifanya mtakatifu hapa.

Tukaendelea hivyo mwaka mzima. Saa sita mchana kwao, saa tisa kwetu wakati wa baridi, kazi inaingia. Ijumaa jioni yeye anapanda basi la bei rahisi. Aliona Edinburgh, Liverpool, York, na ufuo wa Blackpool ambako alinitumia video ya upepo ukimnyang'anya kofia. Sauti zake bado ninazo kwenye simu. "Buda, huku Edinburgh kuna ngome juu ya mwamba, katikati ya mji, ungeona!" Halafu, kwa pumzi hiyohiyo, "Na ile ya Jumatatu imefika wapi?"

Siku moja nilimkasirikia. Nilimwambia nyumbani watu wameuza shamba ili asome. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Kwani unadhani nilikuja huku kusoma? Nilikuja kuishi."

Nilikata simu. Lakini nimeyafikiria maneno hayo tangu siku hiyo, na nimefika mahali nasema alikuwa mkweli kutuliko sisi wote tuliokuwa kwenye ile harambee.

Angalia. Septemba 1959, ndege ya kwanza ya Tom Mboya ilipopeleka wanafunzi 81 Marekani, hapa Kenya hakukuwa na chuo kikuu cha kuwatosha. Watu walichanga kwa sababu darasa halikuwepo. Wangari Maathai alikwenda mwaka uliofuata, akasomea biolojia Kansas, akamaliza 1964, na alichokisoma tukakiona. Leo panda matatu ya 237 kutoka Nairobi hadi Thika, keti upande wa dirisha, uhesabu: Kenyatta, Zetech, JKUAT, Mount Kenya. Barabara moja. Digrii ya Afya ya Umma unaipata bila kuvuka mto Chania. Kwa hiyo tunapouza shamba kumpeleka kijana Uingereza, tuambiane ukweli, hatununui darasa. Tunanunua mlango.

Mlango wa nini? Wa yale aliyoyafanya rafiki yangu. Kupata kazi inayolipa kwa saa, kuishi mji ambao basi linafika kwa wakati, kusafiri Jumamosi ukaone ngome, uwe na miaka 24 na usiwe mzigo wa mtu. Hakuna hata kimoja hapo kilicho dhambi. Wajomba wanaomsema kwenye kundi la WhatsApp, ati alienda kutembea, wao wenyewe wangetembea wangepewa nafasi.

Na wapo wanaopewa bila kudanganya. Uingereza ina viza ya vijana, wanaiita Youth Mobility. Kijana wa Australia, New Zealand, Kanada, Japani au Korea Kusini anaomba, anaingia, anafanya kazi karibu yoyote na kusafiri anakotaka kwa miaka miwili. Haulizwi tasnifu. Haulizwi atarudi kusaidia jamii gani. Anaruhusiwa kuwa kijana, basi. Kwenye orodha ya nchi hizo hakuna nchi ya Afrika hata moja.

Kijana wa Sydney na kijana wa Thika wanataka kitu kimoja. Wa Sydney analipia viza. Wa Thika analipia viza, halafu analipia Shahada ya Uzamili ambayo hakuihitaji, kwa bei ya shamba, ili apate ruhusa ya kuosha wazee saa 20 na kuiona Blackpool. Hiyo shahada ni kodi ya ujana wetu. Na kwa sababu haiwezekani kufanya kazi, kuishi na kuisoma kwa pamoja bila kuvunjika mgongo, kunakuwa na mtu Kimbo anayeisoma kwa shilingi 400 ukurasa.

Halafu sheria inakuja kumtafuta nani? Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuwa kosa la jinai, kule England, kutoa au kutangaza kwa malipo huduma ya kuwaandikia wanafunzi. Mwanafunzi anayenunua hakuguswa na sheria hiyo, anaachiwa chuo chake. Mhalifu ni muuzaji. Australia nayo ilifanya vilevile mwaka 2020. Sisemi kazi yetu ni safi. Ninachosema ni kwamba chuo kimepata karo, serikali imepata ada ya viza, nyumba ya wazee imepata mikono ya bei nafuu, mwanafunzi amepata cheti, halafu anayeitwa mhalifu ni yule aliyepata 400.

Kuna kitu kimoja nilipata, nacho nitakisema kwa sababu ndicho kinachoniuma zaidi. Rafiki yangu alinipa nywila yake ya maktaba. Sitasahau usiku ule wa kwanza. Chuoni kwangu nilizoea kufungua makala, nikakuta ukuta unaodai dola 40. Sasa kila mlango ulifunguka. Nilianza na yaliyohusu insha, nikaishia kusoma historia ya kipindupindu London, magonjwa ya wafanyakazi wa migodi, utafiti wa maji ya kunywa, vitu ambavyo hakuna aliyeniagiza. Yeye alikuwa Liverpool, mimi nilikuwa maktaba. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ya wikendi.

Tasnifu tulichagua usingizi wa wafanyakazi wa zamu za usiku, kwa sababu ilikuwa ni ya kukusanya tafiti zilizokwisha kuandikwa na haikuhitaji kwenda uwandani. Nilijifunza kwamba IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la mambo ambayo yamkini husababisha saratani, mwaka 2007, na ikathibitisha tena mwaka 2019. Nilikuwa nasoma hayo saa tisa usiku, chai ya rangi imepoa, mwili wote unaniambia lala.

Nilimpigia nikamuuliza, wewe unayefanya zamu za usiku, usiku wa nne unajisikiaje? Alizungumza dakika 20. Alieleza jinsi miguu inavyokuwa ya mtu mwingine. Alieleza mzee mmoja anayeamka saa kumi kila siku akimtafuta mkewe aliyefariki, na jinsi ya kumtuliza bila kumdanganya. Alieleza namna ya kumwinua mtu mzito bila kuumiza mgongo wako wala heshima yake. Makala zote nilizosoma, hakuna iliyozungumza vizuri hivyo. Nikamwambia, andika hivyo hivyo. Akacheka. "Wewe andika, mimi naongea tu."

Ndipo nilipoona kwamba yeye pia ameibiwa. Alichojifunza kweli kule, kutunza mtu mzee usiku, hakina bango wala joho. Nilichojifunza mimi hakina jina. Na cheti kinachoning'inia sebuleni Makongeni si cha yeyote kati yetu. Oktoba ile nywila ilikufa. Niliandika herufi zilezile mara tatu, skrini ikakataa mara tatu, nikafunga laptopu.

Nitaambiwa, ulikubali, ulilipwa, nyamaza. Nilikubali, ndiyo. Tasnifu nzima ni kurasa 44, sawa na shilingi 17,600, akanitumia 20,000 kwa sababu ni ndugu. Nilizila. Lakini aliyelipwa kusema uongo ndiye anayeujua vizuri, kwa hiyo sioni kwa nini asiwe wa kwanza kuuacha.

Nitaambiwa pia, wapo wengi wanaosoma kweli ng'ambo. Wapo, na wapo wanaosoma na kufanya kazi hadi wanaanguka kwenye basi. Hao ndio hasa tunaowaharibia. Kila insha niliyouza iliwapunguzia thamani, na siku mwajiri wa Nairobi atakapoanza kutilia shaka vyeti vya nje, hatauliza ni nani aliyekesha na ni nani aliyeagiza Kimbo.

Na kuna jambo zito zaidi. Hii ni afya ya umma. Rafiki yangu akirudi kesho na kaunti impe ofisi, pakizuka kipindupindu Kiandutu, nani atajua la kufanya? Aliyesoma kuhusu kipindupindu ni mimi, nami siwezi hata kupata kazi ya kufagia ofisi hiyo, kwa sababu fomu inauliza cheti.

Kwa hiyo nasema haya kwa watu wangu wa Thika na Ruiru. Mkichangia kijana aende, msimwambie "nenda usome" kama mnataka aende akatafute maisha. Mwambieni nenda ukafanye kazi, nenda ukaone dunia, na ukipata tutumie. Hakuna aibu. Pesa zilizotumwa nyumbani na Wakenya walio nje zilifika karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na sidhani kama kuna mama aliyezirudisha kwa sababu zilitoka kwa mtu anayeosha vyombo. Aibu ni kumlazimisha avae joho ili zile pesa zionekane safi.

Na wanasiasa wetu wanaokwenda London kutia saini mikataba ya kuwapeleka wauguzi wetu, siku moja wadai na hiyo viza ya vijana. Kama mikono yetu inatakiwa, basi na wikendi zetu zitakiwe.

Na kwa waandishi wenzangu wa usiku: sina sauti ya kuwaambia acheni, wakati ninajua kodi ni tarehe tano. Ila msikubali kuitwa watu wasiosoma. Mtu aliyeandika digrii sita ana njaa, ana deni, labda ana kosa. Ujinga hana.

Usiku wa sherehe ile, watu walipoondoka, rafiki yangu alinisindikiza hadi stendi. Hakuwa na raha. Alisema mama yake ameshaanza kuwaambia watu kwamba mtoto anafuata uzamivu, na viza yake ya baada ya masomo inaisha. Akanitazama. "Pendekezo la utafiti tu, buda. Kurasa kumi. Utaje bei."

Matatu ya Ruiru ilikuwa inajaza. Kurasa kumi ni kodi ya nusu mwezi, na pengine ni nywila mpya ya maktaba. Nilihesabu yote mawili nikiwa nimeshika mlango.

Nikamwambia aandike ukurasa wa kwanza mwenyewe. Kuhusu yule mzee anayeamka saa kumi, kama alivyonieleza kwenye simu. Akiuandika nitausoma bure, na nitasoma zote kumi bure.

Hajautuma bado. Mama yake jana ameniuliza tena nitarudi lini chuo.